Ile Bidoni Papa Riziki Alituma

Sifa mama,

Salamu sikutumii, juu uko chumba ya pembeni na nakusikia unavuta ile skochi ya kufunga makartoni. Kila ukivuta, mama yako ku jikoni anashtuka kama mtu amepasuliwa nguo. Ningeweza kusimama nije nikuambie haya kwa mdomo. Lakini unanijua. Kwa mdomo ningeanza na mzaha, wewe ungecheka, mimi ningecheka, na maneno yenyewe ingebaki haijasemwa. Mu karatasi mzaha unachoka mapema.

Bon. Mambo ya koti, ya viatu vya theluji, ya kusali, ya kutokula chipsi kila siku, mama yako ameshakuambia, tena amemwambia na dada yake akuambie. Mimi sitaongeza. Mimi niko na jambo moja tu. Kesho unaenda Buffalo kufanya kazi na Papa Riziki, na mimi sina hakika na huyu mtu.

Sisemi ni mbaya. Nasema sina hakika. Ataandika jina lako ku mlango wa pikapu yake, pembeni ya jina lake. Atakupa mashini zake zote za kutupa theluji uzitengeneze. Halafu ataanza kuuza esansi safi, mafuta haijachanganywa na kitu, mu bidoni za plastiki, kwa watu wetu wa kule Lower West Side wenye kununua hizo mashini, na atawaambia: "Hii imeangaliwa na Sifa, binti ya Papa Amani." Donc siku ile esansi itakuwa haiko safi, hataitwa mwizi yeye peke yake. Utaitwa na wewe. Na wewe uko mgeni. Jina ya mgeni inachafuka hata kabla watu hawajaijua.

Uniache nikuambie kwa nini ninanusa hivi. Pua hii sikuipata Amerika.

Uvira yetu ya Kongo hukuiona vizuri, ulikuwa bado mgongoni. Mbele ya nyumba yetu niliweka meza, juu ya meza chupa, ndani ya chupa esansi, ile wenzetu Wakenya wanaita petroli. Shule nilikuwa nimeishia mwaka ya nne, lakini kumimina esansi toka bidoni mpaka mu chupa bila kumwaga tone, hiyo hakuna mwalimu alinifundisha. Watu wa pikipiki walikuwa wanasimama, wananunua chupa moja, wanaenda. Na kila muuzaji ku barabara ile alikuwa anachanganya. Unatia mafuta ya taa kidogo, chupa inajaa mbio, rangi haionekani kubadilika. Mimi pia nilichanganya. Usikunje uso, hata pesa ya shule yenu ndani ya kambi ya wakimbizi ilianza ku chupa zile.

Siku moja kijana wa pikipiki, sisi wote tulimuita Shemeki, alirudi akiisukuma kwa mikono, kupanda mlima, jasho imemfika mpaka ku soksi.

Nikamwambia: "Shemeki, leo umeamua kufanya sport?"

Akasema: "Hapana, naitembeza tu. Ilikuwa imechoka kukaa."

Hakunitukana. Aliomba chupa ingine. Nikampa, nikifurahi moyoni kwamba mtu huyu hana akili. Akaimimina kidogo mu kiganja, akapuliza, akangoja. Esansi ya kweli inakimbia ku mkono, inaacha baridi tu. Ile yangu ilibaki inang'aa kama vazelini. Akaipangusa ku shati yangu, pale ku kifua, polepole, kama mtu anampangusa mtoto mdomo. Halafu akaenda kununua kwa jirani yangu, na jirani alikuwa anachanganya kunishinda.

Ungefikiri niliacha siku ile. Sikuacha. Kile nilifanya ni kuanza kupima ya watu wengine. Nikinunua esansi ya kuuza, ninaitia ku kiganja kwanza. Nikinunua asali, ninaichoma na njiti ya kiberiti. Maziwa ya wale wa mlimani, ninaitia kidole. Mama yako alikuwa anasema, "Huyu mwanaume atanipima na mimi." Mtu mwenye kuchanganya ndiye anaogopa kuchanganyiwa, juu anajua ginsi ilivyo rahisi.

Sasa fika nami hapa Louisville. Gari yetu ya kwanza, ile ya kijani yenye mlango moja ilikuwa inafunguka kwa ndani tu. Nilienda na Amani ku stesheni tujaze. Kaka yako alikuwa bado hajaota ndevu lakini Kingereza ilikuwa imemwota tayari. Nikaona karatasi ndogo imebandikwa ku pompe. Nikamwambia asome.

"Papa, wanasema ndani kuna ethanoli, mpaka asilimia kumi."

"Ethanoli ni kitu gani?"

"Ni pombe. Wanaitoa ku mahindi."

"Soma tena."

Akasoma tena. Maneno ikawa ileile. Nikashika ile mpira ya kumimina, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nione ni nani anatucheka. Watu wote walikuwa wanajaza, wananywa kahawa yao. Sifa, kwetu mtu akichanganya anaapa kwa kaburi ya mama yake kwamba hajachanganya. Hapa wamechanganya, wakaandika, wakabandika, wakaweka na taa juu ili usome hata giza ikiingia. Niliona hii nchi iko na nguvu ya ajabu. Mtu anakuchanganyia na anakupa risiti.

Nilipeleka hiyo habari kwa pastor. Nikamwambia, "Pastor, tunahubiri watu waache pombe ya kanyanga, na magari yote ya waumini ku parking yamekunywa." Akaniambia, "Papa Amani, gari haina roho." Nikamjibu, "Ya kwangu iko nayo. Asubuhi inakohoa sawa mtu aliyeanguka dhambini jana." Aliniomba nitoke, juu ibada ilikuwa inaanza.

Lakini ku gari sikuona ubaya yoyote. Hiyo ninakuambia ili usije ukawa mwendawazimu kama mimi. Gari inatembea kila siku, ndiyo ile inakunywa Jumatatu Jumanne imeshaimaliza. Mwaka moja nilijaza gari esansi safi, ile haina pombe, kwa kiburi tu, nikaendesha mpaka Columbus, kule Amani anasoma, kumsalimia. Njia nzima nilikuwa nasema, "Mama Amani, unasikia ginsi inateleza?" Mama yako akasema, "Nasikia wewe tu." Na alikuwa na haki. Hakuna kitu ilibadilika.

Ile inaharibika ni esansi ya kukaa. Na hapo ndipo naingia mu jambo la Papa Riziki, ile kanisa zima inajua, ile watoto wa shule ya Jumapili walifanya mpaka mchezo juu yake.

Unakumbuka mashini yangu ya kukata majani, ile nyekundu. Wiki nzima niko ku depo pale Jeffersontown, napandisha makartoni. Jumamosi mimi ni bosi. Ninakatia wazungu wazee majani, ninawafanyia mzaha kwa Kingereza yangu ya kuvunjika, wananiita tena. Mwisho wa msimu, majani ikiwa imeanza kulala, Papa Riziki akaja kuiazima akatie shemeji yake mara moja. Alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tunabeba boksi moja, yeye huku mimi kule. Nikampa. Akairudisha jioni, imeoshwa, tanki imejaa mpaka mdomo.

Wewe umekulia hapa, labda hii hukuishika vizuri. Kwetu chombo ya mtu hairudi tupu. Jirani akikuletea ugali mu sahani, sahani inarudi na kitu, hata kama ni ndizi moja, hata kama ni chumvi. Mama yako mpaka leo hawezi kurudisha kontena ya plastiki ya mtu bila kutia kitu. Donc Papa Riziki alifanya kile mama yake alimfundisha. Alijaza tanki. Na mimi nikasukuma mashini mu kibanda, nikafunga mlango, na ile esansi yenye pombe ikakaa ndani baridi nzima.

Majani ilipoanza kuota, nikaivuta kamba. Haiwaki. Nikavuta mpaka bega ikakataa. Nikabadilisha plagi. Haiwaki. Nikainusa tanki, nikakuta harufu sawa rangi ya nyumba iliyooza. Na kichwa yangu ya Uvira ikaamka. Nani alishika hii mashini mwisho? Papa Riziki. Nani alijaza tanki bila kuombwa? Papa Riziki. Na mtu gani, mu hii nchi, anajaza tanki ya mtu bure? Halafu nikasikia amenunua mashini yake mwenyewe, anakata majani ku barabara ya pili. Nikasema, basi. Huyu ametia kitu.

Ungekuwa mzungu ungeita fundi. Mimi niliita watu wa chumba ya maombi.

Wewe ulikuwa pale, ulishika mlango. Wale mama wanne wa maombi, na mashini katikati ya mazulia, na mafuta ya kupaka ku mpini. Mama Yohana alikuwa anakemea roho ya wivu mpaka sauti ikakauka. Mu maombi nikamtaja. Sikusema "Papa Riziki". Nilisema "yule mwenye kuijaza", ndiyo ikawa mbaya zaidi, juu kila mtu alimjua. Jumapili ilipofika, watu walikuwa wanahama benchi yake.

Ni wewe ulifungua mashini, juu ulichoka kuniona navuta kamba. Uliondoa kabureta ukaiweka ku gazeti ya jikoni. Ndani kulikuwa na uchafu wa kijani, unavutika kama kamasi, na katundu kale kadogo ka kupitisha esansi kalikuwa kamefungwa kabisa. Ukampigia Amani. Na Amani, ambaye amesoma hayo mambo ku yunivasiti, alieleza vizuri: ile pombe inapenda maji, inayavuta toka hewani, na esansi ikikaa muda mrefu inazeeka inaganda, mashini ndogo haina nguvu ya kusukuma hiyo takataka. Nikamwambia Amani, "Donc hakuna mtu alitia kitu?" Akanijibu kwa Kingereza, kisha akatafsiri, juu alijua nimejifanya sijasikia: "Papa, walitia ku stesheni. Na waliandika."

Nilienda kuomba musamaha. Na hapa, mama, ndipo pananiuma kuliko ile ya maombi. Niliomba mbele ya kanisa nzima, nikishika maikro, na niliomba kwa mzaha. Nikasema nimemsingizia ndugu yangu wakati mlevi alikuwa ni mashini. Kanisa ilianguka kwa kucheka. Pastor alijifuta macho. Papa Riziki alisimama, akanipa mkono, akakaa. Hakucheka. Mimi nilikuwa nimepata makofi, yeye alipata mkono. Msimu haukuisha akahamia Buffalo, kwa mdogo wake. Watu wanasema ni juu ya kazi. Mimi pia nasema hivyo.

Tangu pale nikawa mtu wa esansi safi. Unajua ginsi nasumbuka, hapa mu mji haipatikani kirahisi, inabidi nitoke, nipite mashamba, mpaka kwa yule mzee wa duka ya wakulima mwenye pompe moja pembeni ya chakula cha farasi. Siku ya kwanza nilimuuliza ginsi gani nitajua ni safi. Akanionyesha kibao. Nikamwambia, "Mzee, mashini yangu haijui kusoma." Halafu akaingia ndani, akaleta chupa ya maji yenye kuonyesha ndani, akanifundisha ile nimekufundisha: unatia maji kidogo chini, unachora mstari na kalamu pale maji inaishia, unajaza esansi juu, unatikisa, unaacha itulie. Esansi ikiwa safi, maji inarudi ku mstari wake. Ikiwa na pombe, pombe inatoka inaenda kujiunga na maji, na maji inapita mstari. Tuliinama wote wawili, kofia yake na kofia yangu zinagusana. Maji ilikaa pale pale. Akasema, "Umeridhika?" Nikasema, "Leo." Akacheka mpaka farasi wa mteja mmoja akageuka. Na kila nikienda anaweka chupa tayari, hakasiriki. Mimi sikuwahi kuwa muuzaji kama yule.

Bon. Sasa ile bidoni.

Papa Riziki alipopiga simu mara ya kwanza kukuuliza, mwezi wa nane, alisema na wewe, hakusema na mimi. Nikasema sawa, umri wako unaruhusu. Alisema anataka mtu anayejua kufungua kabureta, na kwamba hakuna mwingine anamwamini. Wewe ulifurahi. Ulitoka ku simu unaruka. Mimi nikajiuliza: kati ya watoto wote wa Wakongo wenye mikono, kwa nini wa kwangu? Mtu niliyemchafua, anamtaka binti yangu abebe jina ya esansi yake. Nililala na hiyo, nikaamka nayo, nikaenda nayo ku depo. Hata mzaha ilipungua, wenzangu waliuliza kama nimefiwa.

Halafu Jumamosi hii iliyopita kwaya ya Buffalo ikaja kuimba kwetu, na mu basi yao ndogo walibeba bidoni nyekundu. Wanakwaya walifika wakiwa wamefungua madirisha tangu Cleveland, soprano moja anasema hataimba, kichwa inamzunguka. Ku bidoni kuko karatasi, mwandiko wa Papa Riziki: "Safi. Ya Buffalo. Papa Amani atie mu mashini yake." Wewe uliiona, ukasema, "Ona, Papa, amekutumia zawadi." Nikasema eeh.

Niliipima. Ulikuwa umeenda kuaga wenzako. Nilijifungia bafuni na chupa, na kalamu ya mama yako ya kuchora nyusi, juu sikupata ingine. Nikatia maji, nikachora, nikajaza, nikatikisa. Nikakaa ku kiti cha bafu nikingoja, sawa mtu anangoja majibu ya hospitali. Maji ilipita mstari. Nikamwaga, nikarudia. Ikapita tena.

Mama yako aligonga. "Unafanya nini humo na harufu hiyo?"

"Ninaoga."

"Na esansi?"

Nikafungua. Aliona chupa, akaona kalamu yake, akaelewa vyote viwili kwa mara moja. Nikamwambia, "Unaona. Ameandika safi na haiko safi. Anataka mtoto wetu auze uongo. Naenda kwa pastor sasa hivi, Sifa asiende." Nilikuwa nimeshavaa kiatu moja.

Mama yako akachukua kalamu yake, akaipangusa. "Kwa pastor tena?" Ndiyo maneno yote alisema. Akaenda zake kupika.

Nilibaki na kiatu moja. Sifa, ile kiatu ya pili ilinishinda kuvaa. Nikachukua simu, nikamwita yeye mwenyewe. Haya nitakuandikia ginsi ilivyokuwa, bila kutia chumvi, na wewe utapima.

"Allô, Papa Amani."

"Papa Riziki. Habari ya baridi huko?"

"Haijakuja. Iko inavaa."

"Ile bidoni ulituma."

"Eeh."

"Nimeitia mu chupa na maji."

Akanyamaza. Nikasikia televisheni kwake, watu wa mpira. Halafu akauliza: "Maji imepanda?"

"Imepanda."

"Umeambia nani?"

"Mama Amani tu, na yeye hakuuliza, alifuata harufu."

"Pastor?"

"Hapana."

"Mama Yohana na wenzake?"

"Papa Riziki, nimesema hapana."

Ndipo akaanza kucheka, na sikuwa nimemsikia anacheka tangu tulipokuwa tunabeba boksi moja. Akasema: "Bon. Ile ni ya barabarani. Nimeijaza mwenyewe ku stesheni ya karibu na nyumba, nikaandika safi. Nilitaka kujua ukiipima utaenda kwa nani kwanza. Nikasema, akikimbia tena kwa pastor, binti yake abaki kwake, nitatafuta mwingine, juu kila kitu kikiharibika hapa nitasikia jina langu mu maombi ya Louisville. Akiniita mimi, amtume."

Nikamuuliza, "Na kama nisingepima?"

"Wewe? Wewe unapima mpaka maji ya ubatizo."

Nilicheka, mama. Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia ile ya maikro, kwamba nilipaswa kuja kwake nyumbani, bila watu. Akasema, "Nilikungojea. Mama Riziki alipika mara mbili." Halafu akasema mpira umefika pazuri, akakata.

Nikaweka simu ku meza. Na baadaye kidogo kicheko ikaanza kukauka. Juu hiyo jibu ni nzuri sana. Ni nzuri kupita kipimo. Kama ni mimi ndiye nimeshikwa na bidoni ya uongo, ningejibu vile vile. Ningenyamaza kidogo, ningeuliza kwanza umeambia nani, ningegeuza ionekane nilikuwa nakupima wewe. Na ningetia ubatizo ndani, ili ucheke usiendelee kuuliza. Alinichekesha pale pale mimi ninachekeshaga watu.

Donc sijui. Labda ni mtu niliyemuumiza, akatafuta njia yake ya kuona kama nimebadilika, na hiyo ni haki yake. Labda ni mfanyabiashara ameshikwa, akaruka vizuri. Nimemwambia mama yako yote mbili. Akasema yote mbili inaweza kulala mu mtu moja, yeye ameolewa na mtu wa hivyo na bado anakula.

Nilikuwa nimeandika kwanza, mu karatasi ingine, usiende. Hiyo karatasi nimeichana. Ukibaki hapa juu ya mashaka yangu, utapandisha makartoni pembeni yangu mpaka uzeeke, na kila mtu akikuletea kitu chema utauliza ametia nini. Mimi nimeishi hivyo na nimecheka sana, lakini marafiki ninaowahesabu sasa wengi ni wale sijawahi kuwaazima mashini. Wewe uko na mikono mizuri kuliko yangu, na kichwa yako haikulia ku meza ya Uvira. Nenda.

Kesho njiani utalala kwa Amani, mu ile nyumba yao ya wanafunzi karibu na yunivasiti. Muombe akueleze tena ginsi esansi inazeeka, mwache aeleze mpaka mwisho, anapenda. Yeye anajua kwa nini. Lakini juu ya Papa Riziki hatakuwa na jibu, na mimi sina.

Kitu kimoja tu sitaki urithi kwangu: mimi nilipima bafuni, nimefunga mlango. Siku ile Papa Riziki atakupa bidoni ya kwanza ya kuuzia watu, usiipeleke pembeni. Muite. "Papa Riziki, njoo tuangalie." Muiname wote wawili mu chupa moja, na usitazame maji peke yake, tazama na yeye anavyoitazama. Maji ikikaa ku mstari, uza na jina lako. Ikipanda, usiuze, hata kama amekutolea maelezo matamu, hata kama theluji imefunga milango kama ile ya mwaka jana kule Buffalo na mzee analia anataka kuwasha mashini yake. Mwambie huyo mzee mutamtolea theluji kwa koleo. Na unipigie. Nitakuja kukuchukua na sitakuuliza kitu, wala sitafanya mzaha mpaka tufike Columbus.

Halafu itafika siku wewe ndiye utatoka kwenda kutafuta esansi, urudi na bidoni mu pikapu. Kabla hajakuomba, mpe chupa, mpe kalamu, ukae kando, apime ya kwako. Usikasirike akichukua muda. Wewe ni binti yangu. Ana haki.

Baba yako